Jinsi ya Kumfundisha Njiwa Amjue Punda

Ukimwonyesha njiwa picha kumi zenye punda na kumi zisizo na punda, ukampa mtama kila anapodona zenye punda, haitachukua muda mrefu atakuwa hakosei. Usishangilie bado. Hujajua kama ameshika dhana ya punda au amekariri karatasi kumi. Mwongozo huu ni wa kutenganisha mambo hayo mawili. Kumzoesha ndege adone ni kazi ndogo, ila kujua kilichomo kichwani mwake anapodona kunataka hila na subira.

Mimi nina duka la picha na fotokopi Langoni, hapa Amu, yaani Lamu. Riziki yangu ni picha za pasipoti, lamineti, barua za maombi ya kazi, na msimu wa harusi ukifika, albamu. Njiwa wako darini, tuliachiwa na marehemu baba, na mjomba ndiye anayewaangalia. Kwa hiyo picha nyingi na ndege waliotulia vyote nilikuwa navyo. Wewe ukiwa na simu yenye kamera, mahali pa kuchapisha picha, na njiwa wawili wasiokimbia mkono, unaweza kuanza.

Jambo lenyewe lina umri. Mwaka 1964 Richard Herrnstein na Donald Loveland wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza katika jarida la Science walivyowafundisha njiwa watano kudona wanapoona slaidi yenye mtu ndani yake. Walitumia slaidi zaidi ya 1200. Humo watu walikuwa wakubwa na watoto, karibu na mbali, wengine wamefichwa nusu na miti au magari. Njiwa walidona zaidi palipo na mtu, hata kwenye slaidi walizokuwa hawajawahi kuziona. Mwaka 1976 Herrnstein, Loveland na Cable wakafanya hivyo kwa miti, kwa maji, na kwa mtu mmoja maalumu. Baadaye watafiti wengine wakapata njiwa wanaogawa picha makundi manne kwa mpigo: paka, maua, magari na viti, kila kundi na kitufe chake.

Wala si mchezo wa maabara tu. Msikilize kuku uani. Mwewe akipita juu, jogoo hutoa mlio mmoja, mwembamba wa kuvuta, na wenzake hujikunyata au kukimbilia kivulini. Paka akinyemelea chini mlio huwa mwingine, wa kukatakata, na kuku husimama wima wakitazama. Ni mwewe yupi au paka wa nani, hilo haliwahusu. Ndege asiyejua kuweka vitu kwenye makundi haishi.

Nimechagua punda kwa sababu Amu hukosi mfano wake. Aliye Malindi achukue tuktuk, kanuni ni zile zile.

Ndege

Chukua njiwa wa kufugwa, aliyezaliwa bandani mwako, kijana, asiyeshtuka. Usitege wa porini. Kasuku wa kijivu usimfikirie kabisa: tangu 2017 yumo kwenye orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kumweka nyumbani hapa Kenya bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, ni kujitafutia kesi. Najua utaniuliza kuhusu Alex, kasuku ambaye Irene Pepperberg alimnunua dukani Chicago mwaka 1977. Kweli, huyo alikuwa akionyeshwa vitu viwili na kuulizwa vinatofautiana kwa nini, naye hujibu kwa mdomo wake kama ni rangi, umbo au kitu vilivyotengenezwa kwacho. Lakini Alex alikaa na walimu mpaka kufa kwake 2007. Wewe una duka la kufungua saa mbili.

Njiwa wawili au watatu wanatosha, kila mmoja na pete yake ya plastiki mguuni ya rangi tofauti. Wafundishe mmoja mmoja. Wakiwa pamoja mmoja ataangalia mwenzake anafanya nini, na wewe utadhani wote wamesoma. Wangu ni Halua, wa rangi ya kahawia, na Simiti, ambaye rangi yake nadhani huhitaji kuambiwa.

Maabara nyingi huwaweka njiwa kwenye asilimia 80 hadi 85 ya uzito wao wa kushiba ili wawe na hamu ya kufanya kazi. Nyumbani usifanye hivyo. Fundisha alfajiri inapokucha, kabla ya chakula cha kwanza, kisha wape haki yao yote. Njaa ya usiku mmoja inatosha. Maji yawepo wakati wote. Jua likishaingia darini acha, njiwa mwenye joto hutwetatweta tu na hadoni kitu.

Mlango wa dari ufungwe. Mji huu una paka kuliko wenye mji, na njiwa aliyemwona paka asubuhi hafundishiki siku hiyo. Kunguru nao wazuie kwa wavu kuliko kuwarushia mawe. Huko Seattle, mwaka 2006, John Marzluff na wenzake walivaa barakoa walipokuwa wakiwakamata kunguru, na miaka kadhaa baadaye kunguru walikuwa bado wanamzomea yeyote aliyepita na barakoa ile. Hao si kunguru wetu, ni jamaa zao, lakini mimi sitaki kujaribu.

Ubao

Mtafute fundi seremala akukatie ubao wa kukuficha ukiwa umekaa chini. Katikati, usawa wa kichwa cha njiwa aliyesimama, atoboe dirisha dogo kidogo kuliko picha ya inchi 4 kwa 6. Nyuma ya dirisha agongomee vijiti viwili vya kupitishia picha, uweze kuingiza na kutoa bila ndege kuuona mkono wako. Chini ya dirisha kuwe na tundu la kipande cha bomba la maji kinachoteremka mpaka kwenye kibakuli upande wa njiwa. Ukidondosha punje tatu za mtama huku nyuma, zinalia ndani ya bomba na kufika. Ule mlio ni mali. Njiwa atajifunza kwamba mlio maana yake ni "hapo umepata", na utakusaidia kumlipa papo hapo. Msimu wa kusi uwekee ubao jiwe zito kwa nyuma.

Kuna kitu kimoja hapa usikiruke. Mbele ya dirisha bandika kipande cha plastiki angavu, na kikae hapo hapo siku zote, picha zipite nyuma yake. Ukiziacha picha zidonwe zenyewe, hata ukizipiga lamineti, zile za punda zitadonwa sana kwa kuwa ndizo zinazolipa. Zitaingia vitobo na mikwaruzo midogo ambayo wewe huioni mpaka uigeuze picha kwenye mwanga. Njiwa anaiona. Baada ya muda atakuwa akidona mikwaruzo, punda hana habari naye.

Ndiyo maana pia ya kujificha nyuma ya ubao. Ujerumani kulikuwa na farasi, Hans, aliyesifiwa kuwa anajua hesabu, hadi Oskar Pfungst alipobainisha mwaka 1907 kwamba alikuwa akisoma mwili wa muulizaji: mtu hulegea bila kujijua jibu sahihi linapofika. Nawe utalegea. Weka simu pembeni ikurekodie video, uhesabu midono baadaye.

Picha

Hapa ndipo wengi hupoteza kazi yao yote, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Piga picha kwa jozi. Simama mahali, piga punda alipo. Mngoje apite, au mwombe mwenyewe amsogeze, kisha piga tena bila kuhamisha miguu. Sasa una picha mbili zenye ukuta ule ule, kivuli kile kile, saa ile ile, tofauti yake ni punda tu. Ukipiga punda wote Usita wa Pwani na picha zisizo na punda zote vichochoroni, umemfundisha njiwa bahari. Ukipiga punda wote asubuhi na kuta tupu zote alasiri, umemfundisha vivuli. Atafaulu vizuri kabisa na utakuwa huna ulichokipata.

Kuta zetu za mawe ya matumbawe zina kijivu kinachokaribiana na cha punda, na hilo ni jambo jema. Likikulazimisha kutazama mara mbili, njiwa hawezi kutegemea rangi pekee.

Punda wetu hawatembei peke yao, nyuma kuna mtu. Ukisahau hilo, njiwa atajifunza "mtu mwenye bakora". Kwa hiyo lazima uwe na picha nyingi za watu bila punda: wanaotoka msikitini, wanaobeba magunia, watoto wa shule. Vivyo hivyo shogi, mifuko ya mzigo ya mgongoni. Punda wote wakiwa na shogi zilizojaa mchanga au mawe ya ujenzi, basi mzigo ndio atakaoufuata. Tafuta punda watupu, mwanapunda anayenyonya, punda aliyelala kivulini, punda wawili wakikwaruzana shingo, punda wa mbali kabisa kule gatini anayeonekana kama kidoa, masikio tu yaliyochomoza juu ya ukuta. Pale Mkunguni mbele ya Ngome hukosi wawili watatu. Kituo cha matibabu ya punda, kilichopo hapa tangu 1987, ni pazuri kwa wenye umri na maumbo mbalimbali, ila omba ruhusa kwanza.

Kisha weka wanyama wengine kwenye kundi lisilolipa. Ng'ombe na mbuzi ni muhimu kuliko ukuta mtupu. Bila wao njiwa atatosheka na "kitu chenye miguu minne", na hakuna namna utakavyojua. Mbuzi mkubwa wa kijivu aliyesimama ubavu ni mtihani mtamu sana.

Chapisha zote kwa karatasi ya aina moja, mashine moja, na ikiwezekana siku moja. Njiwa anaona miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni, na karatasi nyingi hutiwa kemikali za weupe zinazoingiliana na miale hiyo. Karatasi mbili zinazofanana machoni petu zinaweza kuwa mbali kabisa machoni pake. Namba za picha ziandikwe nyuma, kwa penseli. Watu huniuliza kwa nini nisitumie simu yenyewe. Maabara za siku hizi zinatumia skrini za kugusa na zinapata majibu, lakini skrini hutengeneza rangi kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu zilizopimwa kwa jicho la binadamu. Jicho la njiwa lina aina zaidi za vipokea rangi kuliko letu. Zaidi ya hayo, juani darini kioo cha simu hakionyeshi kitu.

Anza na jozi 40 za somo. Jozi nyingine 10 zitie kwenye bahasha, ifunge, na usimwonyeshe ndege hata kwa bahati mbaya. Hizo ni za mtihani.

Kumzoesha kudona

Hii ni rahisi. Mlishe kwenye kibakuli cha ubao mpaka aache kuogopa mlio wa bomba. Weka picha yoyote ya punda dirishani, bandika punje moja ya mtama juu ya plastiki kwa selotepu ndogo. Atadona ile punje. Kabla hajainua kichwa, dondosha mtama. Muda ndio kila kitu: ukichelewa sekunde mbili, utakuwa umemlipa kwa kugeuka nyuma, na utamwona anageuka nyuma kila mara akingojea chakula. Anapodona bila kusita, ondoa punje na selotepu. Kisha mlipe baada ya midono miwili, mitano, mitatu, minane, bila mpangilio. Asiyejua malipo yatakuja lini huendelea kudona hata usipomlipa kwa muda, na hilo utalihitaji sana mbele.

Somo lenyewe

Kila picha ikae sekunde 20. Sekunde 10 za mwanzo hazilipwi kamwe, iwe punda yupo au hayupo, na midono ya hizo sekunde 10 ndiyo unayoiandika daftarini. Baada ya hapo, kama punda yupo, lipa mdono mmojawapo, leo mapema, kesho baadaye kidogo. Kama hayupo, usifanye kitu. Ngoja muda uishe, toa picha. Usimfokee wala usimtishe, kukosa mtama kunatosha.

Utaratibu wa picha uamuliwe kwa kurusha shilingi, ila upande mmoja usizidi mara tatu mfululizo. Ukizipishana moja-moja, punda, hapana, punda, hapana, njiwa atashika zamu na hatatazama dirishani. Picha 40 kwa asubuhi moja zinatosha. Akianza kusafisha manyoya katikati ya kazi, mwache, hamu imeisha.

Mwanzoni atadona kila kitu. Baadaye utaona picha zisizo na punda zinaanza kupata midono michache, si zote kwa pamoja. Halua alizikataa kuta tupu mapema sana, ila ng'ombe aliendelea kuwadona kwa bidii. Andika mambo kama hayo, kwa sababu makosa ya ndege yanakueleza anachofikiri kuliko anavyopatia. Ikifika mahali midono ya picha za punda ni wazi kuwa mingi kuliko ya nyingine, asubuhi baada ya asubuhi, yuko tayari kwa bahasha.

Mtihani

Kijana wa jirani alitengeneza ubao wake akafundisha njiwa wake kwa picha chache alizozipiga mlangoni kwao. Akatuletea tuone. Ndege alikuwa hakosei hata moja, watoto wakapiga makofi. Mjomba hakusema kitu. Alitoa simu yangu, akachagua punda ambaye yule njiwa hajamwona, akaniambia nikachapishe. Nilipopanda nayo, njiwa aliitazama, akageuza shingo, akatulia. Tukamwekea ile ya zamani, akaidona kwa fujo. Mjomba akamwambia kijana, "Huyu hayui punda, ayua karatasi." Ndege alikuwa kama mtoto wa chuo aliyehifadhi juzuu nzima na herufi hajazijua.

Na njiwa ana uwezo mkubwa wa kuhifadhi, usimdharau. William Vaughan na Sharon Greene walionyesha mwaka 1984 kwamba njiwa waliweza kushika slaidi 320, moja moja, zipi zinalipa na zipi hazilipi, bila kuwepo kanuni yoyote ya kuzigawa. Sasa wewe na picha zako kumi utamshinda vipi? Kukariri kwake ni njia fupi, na ndege yeyote mwenye akili hufuata njia fupi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila asubuhi ya mtihani chomeka jozi mbili za bahasha katikati ya picha za zamani. Picha mpya zisilipwe kabisa, zenye punda na zisizo na punda, ili usiwe unamfundisha huku unampima. Sekunde 10 zikiisha, itoe. Hesabu midono kwenye kila jozi: picha ipi imedonwa zaidi? Jozi 10 zikiisha, kama punda ameshinda mara tisa au zaidi, furahi, maana kwa bahati tupu hilo hutokea takriban mara 1 katika 93. Nane au zaidi hutokea mara 1 katika 18, kwa hiyo ongeza jozi kabla hujatangaza. Saba usimwambie mtu. Na kila picha ya mtihani ni ya mara moja. Ikishaonekana si mpya tena, ihamishie kwenye za somo.

Akianguka, dawa ni kuongeza mifano. Usirudie zile zile kwa nguvu. Kazi za Edward Wasserman na wenzake huko Iowa zilionyesha kwamba njiwa aliyefundishwa kwa mifano mingi ya kundi moja hulitambua vizuri zaidi kwenye mifano mipya. Jeffrey Katz na Anthony Wright waliwafundisha njiwa dhana ngumu zaidi, ya picha mbili "kufanana" au "kutofautiana", wakaanza na picha 8. Ndege walizishika zile 8 na kushindwa na mpya. Wakaongeza hatua kwa hatua mpaka 1024, na kadiri picha zilivyoongezeka, ndivyo ndege walivyofaulu kwenye zile ambazo hawajaziona. Picha zinapokuwa nyingi mno, kukariri kunakuwa na gharama kuliko kuelewa. Mimi huomba wateja wanitumie punda wa kwao, wa Matondoni, Siyu, Pate, na kila wiki huondoa picha kadhaa za zamani na kuingiza mpya.

Yapo pia mambo ambayo njiwa hashiki dhana hata umpe nini, na lazima uwe tayari kwa jibu hilo. Mwaka 2015 Richard Levenson, Wasserman na wenzao waliwafundisha njiwa kutazama picha za darubini za tishu ya matiti na kutenganisha zenye saratani na zisizo nayo. Kwa muda wa wiki mbili hivi ndege walifika karibu asilimia 85 sahihi, na kwenye picha mpya waliendelea vizuri. Kura zao zilipounganishwa, kundi zima likafika asilimia 99. Lakini njiwa walipopewa picha za eksirei za matiti zenye uvimbe, wakazikariri zile za somo na kwenye mpya wakawa wanabahatisha tu. Ni njiwa wenye akili ile ile, picha ndizo zilizobadilika. Bila picha mpya, watafiti wangeandika kwamba wamefaulu kote.

Anatazama nini hasa?

Aliyefaulu bahasha bado ana siri. Chukua picha mpya ya punda, ziba masikio kwa kipande cha ukuta ulichokikata kwenye picha nyingine. Midono ikishuka, masikio yalikuwa na kazi. Nyingine mgeuze kichwa chini miguu juu. Nyingine ichapishe nyeusi na nyeupe. Nyingine mkate punda vipande vinne uvipange ovyo: zipo tafiti zilizoonyesha njiwa wakiridhika na vipande tu, mpangilio usiwashughulishe sana. Shigeru Watanabe na wenzake wa Japani, waliowafundisha njiwa kutenganisha michoro ya Monet na ya Picasso (1995), waliipindua michoro. Ya Monet iliyopinduliwa ikawachanganya ndege, ya Picasso haikuwachanganya.

Badilisha jambo moja tu kwa kila picha, na ziba kitu kile kile kwenye picha isiyo na punda pia, la sivyo atakuwa anajibu kuhusu kiraka. Simiti hajali masikio hata kidogo. Mwonyeshe miguu minne na tumbo jeupe, atadona. Hilo linanitia shaka juu yake na mbuzi, na ndiyo maana picha za mbuzi kwangu hazikosekani.

Kugeuza

Kwa mwenye subira, kuna hatua moja zaidi. Geuza malipo: sasa picha zisizo na punda ndizo zinazolipa. Njiwa atachanganyikiwa, atajifunza upya. Akishatulia, geuza tena. Endelea kugeuza. Vaughan alifanya hivi mwaka 1988 kwa slaidi 40 za miti alizozigawa ovyo makundi mawili. Baada ya kugeuzwa mara nyingi, ndege walikuwa wakiona slaidi chache tu za mwanzo, wanajua upepo umegeuka, na nyingine zote wanazijibu sahihi kabla ya kulipwa. Maana yake slaidi za kila kundi zilikuwa zimefungana kichwani kuwa kitu kimoja, ingawa hapakuwa na sifa yoyote iliyolitenga kundi moja na jingine.

Usiguse hatua hii kabla ya kumaliza mitihani yote ya bahasha, kwa sababu baada ya kugeuza huwezi tena kujua midono michache ni ya kutoelewa au ya kungoja. Andika daftarini siku gani umegeuza na picha ya ngapi ndege ameshtuka. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine mpe siku kadhaa za kupumzika, aruke na wenzake, ale bila kufanya kazi.

Picha ulizozimaliza usizitupe. Zigawe bahasha mbili, zenye punda na zisizo na punda, andika tarehe na jina la ndege juu, ziweke pakavu mbali na mende. Mwakani mwonyeshe tena bila kumkumbusha, uone anazipokeaje.